Kidole cha Mzee Sadiki

Ujumbe wa Zaituni, binti wa Mzee Sadiki, ulinikuta kwenye foleni ya chapati, hapa Overport, Durban, saa nne asubuhi. Maneno yalikuwa machache: baba amepumzika, tunazika leo baada ya alasiri, njoo. Niliusoma mara mbili, simu nimeishika mbali na uso kama ninavyosoma kila kitu siku hizi, kisha nikabaki kwenye foleni ingawa sikuwa na njaa. Sikulia. Nilichoka tu, ghafla, kama mtu aliyebeba gunia la mwenzake miaka mingi, halafu anaambiwa mwenye gunia amekufa na hakuna tena wa kumkabidhi. Nilirudi dukani na chapati zangu mbili, nikamwambia Furaha, mama anayetengeneza simu pamoja nami, kwamba nina msiba. Alinitazama usoni, akasema, "Wende, Papa Bahati. Hapa mi niko."

Nilifika Chatsworth nimechelewa, wanaume wanarudi kutoka makaburini na viatu vina udongo mwekundu. Zaituni alinipokea mlangoni mwenyewe. Amezeeka, na mimi nimezeeka, na hakuna aliyejisumbua kusema kinyume. "Ingia jikoni," alisema, "sebuleni wanasoma khitma." Jikoni kulikuwa na sufuria kubwa ya dali, beseni la sambusa lililofunikwa kitambaa, na wanawake wawili waliokuwa wakimnong'onea mwingine habari za marehemu: kwamba alificha vidonda vya miguu mpaka mwisho, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Zaituni aliwatuma wapeleke vikombe, akanivutia kiti. "Kula kwanza. Baba angenigombeza." Nikala. Dali ilikuwa ileile, na majani ya mchuzi yaleyale niliyokuwa nikiyatoa kwa kidole na kuyapanga ukingoni mwa sahani, mwaka ule mmoja nilipokuwa fundi wa bunduki.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Uvira, kwetu Kongo, nilitoka na ufundi wa saa za mkono, na Durban ufundi huo haukumfaa mtu yeyote, kwa hiyo nililinda magari nje ya msikiti siku za Ijumaa. Siku moja mzee mmoja mwembamba, kofia nyeupe, alishindwa kufungua mlango wa gari lake. Nilimfungulia kwa spoku ya baiskeli bila kukwaruza rangi. Hakunishukuru. Aliangalia mikono yangu, akaniuliza kwa Kiswahili, Kiswahili cha bibi zake, kilichokaa Durban muda mrefu hadi kikazoeana na Kizulu: "Umejifunza wapi?" Nikamwambia saa. "Saa zina springi," alisema. "Njoo Jumatatu." Karakana yake ilikuwa Mobeni, kati ya ghala la magodoro na kiwanda cha rangi, na kila mtu aliyeingia alitoka ananuka rangi. Mbele kulikuwa na chumba cha Zaituni, chenye nondo na daftari la wateja. Katikati kulikuwa na meza yetu ya kazi. Nyuma ya ukuta wa mbao nyembamba kulikuwa na chumba kidogo mno, chenye birika, bomba la maji na mkeka wa kusalia. Kisheria fundi alikuwa Mzee Sadiki peke yake. Mimi nilikuwa mkono wake tu. Silaha haikufunguliwa kama yeye hayuko chini ya paa lile, na alipotoka alifunga kabati la chuma na kuondoka na ufunguo. Siku za kawaida alisali adhuhuri palepale nyuma ya mbao. Ijumaa alikwenda msikitini. Naomba ukumbuke hilo, maana kila kitu kiliharibikia hapo.

Kazi iliyotulisha ilikuwa triga, kifyatulio cha bunduki. Watu wasiojua hudhani kidole kinavuta tu na risasi inatoka. Ndani yake kuna jino dogo la chuma linaloizuia pini inayoipiga risasi, na springi inayolisukuma jino, na kukaza au kulegeza springi hiyo ndiko kunakoamua kidole kitumie nguvu kiasi gani. Ikiwa nzito mno, mwindaji anaivuta silaha pembeni na kumjeruhi mnyama badala ya kumwangusha. Ikiwa nyepesi mno, jino linakaa ukingoni, na mshtuko wowote unaliangusha. Mzee hakushuka chini ya kilo moja kwa mtu yeyote, hata mteja alie. Na alikuwa na sheria iliyokuwa haivunjwi: anayekaza hapimi, anayepima hakazi. Mimi nilikaza. Yeye alifumba macho, akavuta kwa kidole cha shahada, akasema "bado" au "sasa". Mizani ya springi ilining'inia ukutani, lakini aliiita fimbo ya kipofu. Baada ya "sasa" yake nilibaki na kazi ya mwisho: kusukuma komeo la silaha tupu kwa nguvu, mara kumi, na kuigonga mpini kwa nyundo ya mpira, kuhakikisha pini haidondoki yenyewe. Kisha majina yetu mawili yaliandikwa kwenye kadi na kadi ikafungwa kwa uzi.

Mwezi wa pili niligundua kwamba kidole kile kilikuwa kimekufa. Alichukua springi niliyotoka kuichoma kwenye moto, akaishika anaieleza, anaigeuza hivi na hivi, na mimi nikanusa ngozi ikiungua kabla yeye hajainama kutazama. Aliitupa ndani ya maji, akasema, "Eish, ya moto," kwa sauti ya mtu anayesoma maandishi. Zaituni alikuwa akizungumza kwenye simu chumba cha mbele, nami nilimsikia akisema sukari ya baba imepanda tena na miguu haihisi vizuri. Hakutaja mikono. Siku ileile Mzee alipima bunduki moja, akasema bado. Nikalegeza. Bado. Nikalegeza tena. Aliposema "sasa" niliiba mizani alipokwenda kutawadha: gramu mia nne. Mtoto angeifyatua kwa kuipigia kelele.

Ningesema nini? Nimejiuliza swali hilo katika vyumba vingi. Kwetu kijana hamwambii mzee kwamba mwili wake umemwacha, hasa mzee aliyemtoa barabarani. Na kulikuwa na woga ambao sikuupenda kuuangalia: akiacha kupima, karakana inafungwa, na barua ya kazi ya Zaituni ndiyo niliyokuwa nikiipeleka ofisi ya wakimbizi kila nilipoitwa. Heshima na woga vilikaa kiti kimoja, na mimi nilikuwa naitaja heshima peke yake. Basi nikatafuta njia ya tatu. Alipotandika mkeka nyuma ya mbao, mimi nilifungua tena ile silaha aliyoikubali, skrubu nikizitia kwenye sahani ya bati, nikaikaza springi mpaka mizani ikasoma kilo moja, nikagonga nyundo, nikafunga. Nilijifunza kupima muda kwa sala yake, mimi mtu wa kanisa. Nilijua akisujudu nimebakiza nini. Mwanzoni nilikuwa namaliza jasho linanitoka, anatoa salamu na mimi nakaza skrubu ya mwisho. Baadaye ikawa rahisi. Sala zake zilirefuka, na mimi nilidhani ni uzee, watu wakikaribia kaburi huongeza sunna. Alikuwa akitoka anasugua magoti, anauliza, "Haya, tumefika wapi?" Nami nasema, "Imeisha, Mzee." Tulikula dali ya Zaituni kwa mkate, tukasikiliza wafanyakazi wa magodoro wakibishana mpira kwa Kizulu. Nilikuwa na furaha mwaka ule. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, ingawa inaniudhi.

Halafu akaja Baba Mkhize na bastola yake. Alikuwa msimamizi mstaafu wa kiwanda cha sukari, mtu mnene mpole, bega la kulia limefanyiwa upasuaji na haliwezi tena kitako cha bunduki. Ndipo akanunua bastola ya kuwindia, kitu cha ajabu nilichokuwa sijawahi kukiona: mpini wa bastola, lakini mtutu mrefu kiasi na komeo la kuvuta na kusukuma kama la bunduki kubwa, risasi moja moja. Inashikwa kwa mikono miwili na kuegemezwa. Alituonyesha kwa ufagio jinsi mpwa wake anavyopiga hatua mbele yake porini, anasimamisha miti mitatu iliyofungwa pamoja, na yeye anaegemeza mtutu juu yake. "Bila yule kijana mimi siwindi," alisema. Alitaka triga nyepesi. "Bunduki ndefu inasamehe," Mzee alinieleza baadaye. "Hii haina bega la kuituliza. Kidole kikivuta nguvu, mtutu unahama. Lakini hii pia ndiyo inayogeuka kirahisi mkononi, ikamwangalia mtu usiyemkusudia. Kwa hiyo kilo moja. Siyo chini."

Alhamisi kabla ya adhuhuri aliipima. Bado, bado, bado, sasa. Baba Mkhize angekuja Jumamosi jioni. Mzee akatandika mkeka, nami nikanyoosha mkono kuchukua bisibisi, na hapohapo Zaituni akaniita mbele: pipa la mafuta ya kusafishia limeletwa na dereva hataki kulishusha. Nilipomaliza kulivingirisha ndani, Mzee alikuwa anakunja mkeka. Mchana ule alikuwa na miadi ya kliniki, akaandika kadi, akafunga kabati akaenda. Ijumaa hakuna sala nyuma ya mbao. Nilijiambia nitaifanya Jumamosi adhuhuri, kuna nafasi. Na kweli kulikuwa na nafasi, kama mpwa wa Baba Mkhize asingeamua kuondoka Ijumaa.

Baba Mkhize alifika Ijumaa hiyo saa nne na nusu asubuhi, gari linaunguruma nje. Mzee alifungua kabati kwa raha, akaitoa bastola, akasoma kadi kwa sauti: amekaza Bahati, amepima Sadiki. Baba Mkhize aliielekeza ikiwa tupu kwenye ndoo ya mchanga, akavuta polepole, na uso wake ukafunguka. "Hau! Inasoma mawazo yangu," alisema. Mzee alicheka kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia kwa miezi. Mimi nilisimama na tambara mkononi. Nilimwona akisaini daftari. Nilimwona akifunga sanduku. Nilitazama mkeka uliokunjwa kama vile ungenipa dakika kumi. Mlango wa nondo ukafungwa, gari likaondoka, na Mzee akaanza kutafuta kofia yake ya Ijumaa.

Nikakimbia. Sikumbuki kuamua. Nilikuwa na aproni na viatu vya plastiki, na robot, taa ya magari ya pale kona, Mungu ashukuriwe, ilikuwa nyekundu. Niligonga kioo cha gari kwa viganja vyote viwili. Kizulu changu kilikuwa cha sokoni: "Baba, ngiyacela, nakuomba, rudi. Hiyo triga ni mbaya." Aliniangalia kama mwizi. Mpwa wake, kijana wa ishirini na kitu, alishusha kioo upande wake akasema tunachelewa. Nilimwangalia yule kijana, kifua chake, shati lake la kijani. "Rudini," nilisema kwa Kiswahili, wala sikujali wanaelewa au hawaelewi.

Waligeuza gari, na tulipoingia Mzee alikuwa amesimama kwenye kaunta na kofia kichwani. Sikumweleza kitu. Nilichukua bastola, nikahakikisha ni tupu, nikamwonyesha Baba Mkhize ni tupu, nikaielekeza kwenye ndoo ya mchanga, na nikalisukuma komeo kwa haraka, kama mtu aliyeona swala. Tk. Pini ilidondoka, kidole changu kiko mbali. Nikavuta, nikasukuma tena. Tk. Mara ya tatu Baba Mkhize alinishika mkono. Alimtazama mpwa wake, ambaye kila siku husimama mbele yake na miti mitatu, na akakaa chini kwenye kiti cha Zaituni bila kuombwa.

Nilimgeukia Mzee, nimejiandaa kuona mtu aliyegundua kidole chake. Hakuitazama bastola. Alinitazama mimi.

"Hii hukuirudisha kwenye kilo moja," alisema taratibu.

"Mzee?"

"Zile nyingine zote ulizirudisha. Hii hukuirudisha."

"Ulikuwa unajua?"

"Skrubu zikidondoka kwenye sahani ya bati zinasikika mpaka kwenye mkeka, Bahati. Nilikuwa naongeza sunna ili umalize."

Nimewahi kuibiwa, nimewahi kupigwa, na nimewahi kufukuzwa katika nyumba niliyokuwa nimelipia. Sijawahi kukasirika kama nilivyokasirika dakika ile. "Na ukampa hivyohivyo?" nilipiga kelele. "Bila kuniuliza?" "Nilidhani umeirudisha jana," Mzee alisema. "Jana nilisali sala ndefu sana." Ndipo nikaona alichokuwa amekiona yeye: mimi sikumwambia kuhusu kidole, yeye hakuniambia kuhusu skrubu, na katikati ya adabu zetu mbili alisimama kijana wa shati la kijani. Baba Mkhize aliuliza kwa Kizulu kuna nini. Mzee Sadiki alivua kofia. Akainua kidole cha shahada, akamwonyesha mteja, na akamwambia kwa Kizulu, lugha ambayo pengine ilimuuma kidogo kuliko yetu, "Kidole hiki kimekufa, mfowethu, ndugu yangu. Kilikufa zamani."

Niliikaza pale pale mbele yao. Sheria ilitaka mkono wa pili, kwa hiyo Mzee alimwita Zaituni, na Zaituni, aliyekuwa hajawahi kugusa triga maishani, alivuta kwa mizani ya springi, akasoma: kilo moja na kitu kidogo. Nikagonga nyundo mara kumi na hakuna kilichodondoka. Kadi ikaandikwa upya. Kabla ya kuondoka Baba Mkhize alimpa Mzee mkono, mkono wa kulia, na bega lilimuuma akavumilia. Mzee hakwenda msikitini siku ile. Alitandika mkeka nyuma ya mbao, akasali huko peke yake.

Mwisho wa mwaka alirudisha cheti chake kwa hiari. Tuliwarejeshea watu silaha zao, moja moja. Hatukugombana. Aliniachia sahani ya bati, Zaituni akaniandikia barua nzuri, na simu za mkononi zikanipokea. Nilimtembelea kila Idi. Tuliongelea mvua. Miaka ishirini na zaidi tuliongelea mvua.

"Alisema chochote kuhusu mwaka ule?" nilimuuliza Zaituni jikoni, sambusa imepoa mkononi.

Alikuwa anapangusa meza iliyokuwa tayari safi. "Kuna siku alisema, 'Yule kijana alinificha.' Nikamwambia, 'Na wewe, Baba, ulimficha.' Akasema, 'Ndiyo. Tulikuwa na adabu sana, sisi wawili. Adabu nyingi mpaka karibu tuue mtu.'" Akakunja kitambaa. "Na mimi nilikuwa naisikia ile sahani, Bahati. Kutoka mbele. Nilikuwa napandisha sauti ya redio."

Nililala vibaya. Asubuhi niliwahi dukani kabla ya wateja, nikakaa kwenye stuli yangu na kuangalia kazi ya jana niliyokuwa nimeiacha nusu nilipoondoka kwenda msibani: bodi ya simu, waya mwembamba kuliko unywele, na risasi ya kuchomelea niliyokuwa nimeidondosha pasipotakiwa, tone kubwa la aibu. Sioni tena vitu vidogo vya karibu. Imefika miezi saba. Kila siku saa nne nakwenda kununua chapati, nasimama kwenye foleni, nikimaliza nasimama tena kuangalia magari, na ninaporudi kazi yangu imeungwa upya, safi, na Furaha ameinamia simu nyingine anaimba wimbo wa kwaya. Sikuwahi kumwomba. Nilikawia tu.

Aliingia saa mbili na nusu, akaning'iniza mkoba. "Pole, Papa Bahati. Mazishi ilienda muzuri?"

"Ilienda vizuri. Kaa, mama."

"Iko nini?"

"Macho yangu imekufa," nilimwambia. "Wewe unajua. Mi najua unajua."

Alifunika mdomo kwa mkono. Machozi yalimjaa, na akaanza kusema pardon, Papa, hakutaka kunikosea, alikuwa anaona haya, wateja wanakuja kwa jina langu. Nilisubiri amalize. Kisha nikaisogeza kwake ile bodi, na koleo ndogo, na sahani ya bati ya Mzee Sadiki.

"Leo saa nne siendi popote," nilisema. "Ifungue mbele yangu."